Ulicheza beki, sasa unataka kuwa kocha? Pita walipopita mabeki wa Ufaransa

Kwanza tuelewane, hii siwaandikii waliobeba Kombe la Dunia. Laurent Blanc alikuwa beki wa kati wa Ufaransa ya 1998, ndo aliyefunga lile goli la dhahabu la kwanza kwenye historia ya Kombe la Dunia, yaani goli la muda wa nyongeza lililokuwa linamaliza mechi papohapo, dhidi ya Paraguay pale Lens, akastaafu 2003 akiwa Manchester United, na 2007 Bordeaux wakamkabidhi timu ya ligi kuu wakati hajawahi kufundisha klabu yoyote, 2009 akawapa ubingwa na kuuzima utawala wa Lyon waliokuwa wamebeba ligi mara saba mfululizo. Safi, anastahili. Ila mlango huo wanapita watu wachache mno, na jina ndo funguo.

Hii ni ya beki wa kawaida. Yule aliyelelewa akademi ya Ufaransa, akagusa soka la kulipwa kidogo, akashuka ligi za chini, akamaliza na goti linalouma na hakuna anayemjua nje ya mji wake. Huyo naye ana njia ya kufika juu na aliyeipita mpaka mwisho ni Hervé Renard. Wengi mnamjua kwa shati jeupe, lakini shati liacheni kwanza, angalieni alikotokea: kazaliwa Aix-les-Bains 1968, akaingia Cannes 1983 bado kijana mdogo, beki, akakaa pale hadi 1990, kisha Vallauris huko ligi za chini miaka kadhaa, akamalizia Draguignan 1998. Mechi za timu ya taifa ya Ufaransa, sifuri. Halafu huyohuyo ndo kocha wa kwanza kubeba Kombe la Mataifa ya Afrika na nchi mbili tofauti, Zambia 2012 na Ivory Coast 2015. Sasa twende taratibu tuone unafanyaje.

Anza ukiwa bado unacheza

Beki ana kitu ambacho straika hana, mchezo wote uko mbele ya macho yake. Straika muda mwingi kageukia goli lake akisubiri mpira, winga yuko pembeni anaona nusu ya uwanja, lakini beki wa kati anaona kiungo gani kachelewa kurudi, fulubeki gani kapanda akasahau kurudi, na presha inavunjikia wapi. Tatizo ni kwamba mabeki wengi wanaona halafu wanapiga kelele tu, hawaandiki. We andika. Baada ya kila mechi chukua daftari, hakuna haja ya programu ya kisasa, andika goli mlilofungwa lilianzia wapi, sio pale mpira ulipoingia wavuni bali pale ulipopotea, na nani alikuwa na mpira bila kukabwa pasi mbili kabla. Fanya hivyo msimu mzima utashangaa, magoli mengi ni stori ileile inajirudia.

Na shule usiitupe. Akademi za klabu za Ufaransa zinatakiwa kumsomesha kijana sambamba na mpira, wengi wanaichukulia kama adhabu. Muulize Régis Le Bris. Beki, kacheza Rennes na Laval, akaacha mapema tu, akarudi darasani mpaka akapata udaktari wa sayansi ya michezo, akafundisha vijana Rennes, akahamia Lorient 2012 kuendesha akademi, akakaa na watoto miaka kumi mizima, timu ya kwanza wakampa 2022. Msimu wa pili akashuka daraja nayo, ungedhani kaisha, kumbe kiangazi hichohicho Sunderland wakamchukua na Mei 2025 akawapandisha Ligi Kuu ya Uingereza. Nani alikuwa anamjua Le Bris mchezaji? Hakuna. Ila akademi ni sehemu nzuri sana ya kujificha na kujifunza, unakosea kila wiki na hakuna gazeti linaandika.

Siku unayovua viatu

Hapa ndo wengi wanapotea kabisa. Ligi za chini za Ufaransa hazikuachii akiba ya maana, mshahara unakata na kodi ya nyumba haikati. Renard alipoacha alifanya kazi ya usafi, yaani alfajiri giza bado anatoa mapipa ya taka kwenye majengo ya watu, anasafisha ngazi, baadaye akafungua kampuni yake mwenyewe ya usafi. Na jioni uwanjani, kwa sababu 1999 Draguignan walimpa timu kuifundisha, ileile aliyokuwa anaichezea.

Cha kuiga pale sio mapipa, ni ratiba. Timu za ridhaa Ufaransa zinafanya mazoezi jioni na mechi ni wikendi, kwa hiyo tafuta kazi ya asubuhi yoyote ile ambayo haigusi jioni yako wala Jumamosi yako. Mtu anakubali kazi ya baa au ulinzi wa usiku kwa vile inalipa zaidi, miezi sita baadaye kashaacha mpira bila hata kujua aliacha lini. Kama una mkataba wa kulipwa unaoisha usisahau chama cha wachezaji, UNFP, kipo tangu 1961, kinasaidia wachezaji kujipanga na maisha mengine na hata kuwafanyisha mazoezi wasio na timu. Nenda mapema, usisubiri mpaka hela imeisha.

Na wapo ambao siku hiyo hawaichagui. Willy Sagnol alikuwa beki wa kulia wa Bayern, Ligi ya Mabingwa 2001 anayo, fainali ya Kombe la Dunia 2006 kacheza, mguu ukamgomea kwenye kano ya kisigino na 2009 akalazimika kuacha akiwa na miaka 31. Yeye alipitia shirikisho, akafundisha vijana wa taifa wa Ufaransa kabla ya kupewa Bordeaux 2014. Huyu tutarudi kwake.

Karatasi, hakuna kukwepa

Ufaransa ni nchi ya vyeti, lizoee hilo. Ngazi zinaenda hivi: unaanza na BMF, hiki cha kufundisha timu za ridhaa na vijana, halafu BEF, halafu DES, na kileleni kuna BEPF ambacho ndo kinalingana na leseni ya juu kabisa ya UEFA. Kuna na BEFF kwa wanaotaka kubaki upande wa akademi. Nafasi za BEPF kila mwaka ni chache sana na unachujwa, hawakuchukui kwa sababu umeomba vizuri, wanataka kuona unafundisha wapi na umefanya nini.

Kwa nini uhangaike? Kwa sababu timu ya Ligue 1, ligi kuu ya Ufaransa, ikiwa na kocha mkuu asiye na leseni inapigwa faini kila mechi. Reims msimu wa 2022/23 walikuwa wanalipa euro 25,000 kila mechi kwa ajili ya Will Still, na walilipa kwa moyo mweupe kwa vile jamaa alikuwa hafungwi. Sasa jiulize klabu gani italipa euro 25,000 kwa wiki kwa ajili yako, beki wa zamani wa daraja la nne.

Mfano ninaoupenda hapa ni wa Corinne Diacre. Beki wa kati, kacheza Soyaux maisha yake yote, mechi 121 timu ya taifa ya wanawake, akaanza kufundisha Soyaux hapohapo, na 2014 akawa mwanamke wa kwanza kupata BEPF. Mwaka huohuo Clermont ya Ligue 2 ya wanaume, daraja la pili, walikuwa wamemteua kocha mwanamke kutoka Ureno, Helena Costa, akajiuzulu kabla msimu haujaanza. Klabu iko kiangazi, haina kocha, inataka mtu mwenye cheti sasa hivi na sio mwakani, na Diacre cheti anacho. Akapewa timu, akakaa mpaka 2017 alipoitwa timu ya taifa ya wanawake. Angekuwa ndo kwanza anajaza fomu nafasi ingempita. Kwa hiyo fanya BMF ukiwa bado unacheza, ukiwa na miaka 27 au 28, wenzako wakiwa wanalala mchana. BEF ifuate mapema ukishapata timu ya kushika. Usikae miaka mitano kati ya cheti na cheti ukijidanganya kwamba uzoefu wa uwanjani unatosha.

Timu ya kwanza chukua ndogo, na uanze na mabeki

Draguignan haikuwa timu ya kutisha mtu na hiyo ndo faida yake. Ukiwa na timu ya aina hiyo, wachezaji wametoka kazini wamechoka, una jioni chache kwa wiki, huwezi kufundisha kila kitu. Fundisha unachokijua kuliko wote pale, safu ya nyuma.

Zoezi lenyewe ni rahisi na halihitaji vifaa. Panga mabeki wanne, mbele yao weka watu watano wamesambaa upana wa uwanja wanapigiana pasi, bila kushambulia. Mabeki hawagusi mpira, kazi yao ni kusogea tu. Mpira ukienda kulia wote wanne wanasogea kulia, wa karibu anatoka kumfuata mwenye mpira, jirani yake anabaki nyuma kidogo kumlinda, wale wawili wa mbali wanabana ndani. Mpira ukirudishwa nyuma wote wanapanda. Mwenye mpira akiinua kichwa na hakuna aliye karibu yake, wote wanashuka. Dakika 15 kila zoezi, siku zote, mpaka wakuchukie. Wiki ya pili ongeza straika mmoja anayekimbilia nyuma yao. Wiki ya tatu ongeza viungo wawili mbele ya mabeki ili wajifunze kwamba beki hapandi mpaka kiungo amekaba. Maneno ya amri yawe mafupi na mtu mmoja tu ndo ayatoe, "panda", "shuka", "kaa", basi. Mabeki wawili wakitoa amri tofauti kwa wakati mmoja mmefungwa.

Kitu kizima kinasimama juu ya swali moja, mwenye mpira anakabwa au yuko huru? Anakabwa, panda. Yuko huru, shuka. Ukilielewa hilo na ukaweza kulifundisha kwa watu waliochoka, umeshakuwa kocha kuliko wengi wenye michoro mizuri ubaoni.

Tafuta mzee wa kukushika mkono

Renard hakupanda peke yake. Alimpata Claude Le Roy, aliyebeba Afcon ya 1988 na Cameroon, mzee wa safari, na 2002 akamfuata mpaka Shanghai kama msaidizi. Toka Draguignan hadi China, fikiria. Kisha wakaenda Uingereza, Cambridge United, daraja la nne, 2004 Renard akawa kocha mkuu pale na kabla mwaka haujaisha kashaondolewa. Akapita Vietnam, Nam Dinh, muda mfupi. Akarudi nyumbani kufundisha Cherbourg daraja la tatu 2005 hadi 2007. Halafu Le Roy tena, safari hii Ghana, Afcon ya 2008 ya nyumbani, wakamaliza wa tatu. Mwaka huohuo Zambia wakamchukua kama kocha mkuu.

Ukiisoma haraka CV hiyo unaona mtu anayerukaruka. Isome tena taratibu, kila mahali alikuwa anajifunza kitu ambacho Ufaransa asingefundishwa, kufanya kazi kwa lugha ambayo sio yako, viwanja vibovu, wachezaji wanaokuja kambini wametoka nchi kumi tofauti wana siku nne tu. Alipofika Zambia hakuna kitu kilimshtua.

Christophe Galtier naye, beki wa Marseille, Lille na timu nyingine, kawa msaidizi miaka kumi, 1999 mpaka 2009, muda mwingi nyuma ya Alain Perrin, Portsmouth, Sochaux, Lyon, Saint-Étienne. Saint-Étienne Perrin akatimuliwa Desemba 2009 na Galtier akapandishwa, akakaa mpaka 2017. Na 2021 akabeba ubingwa wa Ufaransa na Lille mbele ya PSG yenye hela zote zile. Mi namheshimu sana kwa hilo kuliko ubingwa alioubeba baadaye akiwa PSG yenyewe, pale hata ukimweka dereva wa basi anamaliza wa pili.

Ukiwa msaidizi kuna adabu zake. Ubishani wote ufanyike ndani ya ofisi, ukitoka nje maneno ya bosi ndo maneno yako. Omba kazi ambazo wengine hawazitaki, mipira ya kutenga, kukata klipu za mpinzani, kufundisha walio majeruhi na walio benchi. Hao wa benchi ndo watakuambia ukweli wa timu. Na usizungumze na uongozi nyuma ya mgongo wa kocha mkuu hata kama anaelekea kufukuzwa, kwa sababu uongozi unaokupa timu leo kwa usaliti unakujua wewe ni msaliti.

Namna ya kuchagua kazi

Hapa ndo mtu anajengeka au anaharibika. Angalia Renard alivyofanya vizuri na alivyofanya vibaya, ni mtu yuleyule, mbinu zilezile. Sochaux 2013/14, kaingia katikati ya msimu timu iko mkiani, akapambana mpaka mechi ya mwisho na Evian, wakapigwa 3-0 nyumbani, wakashuka. Lille 2015, kaingia kiangazi akiwa bingwa wa Afrika mara mbili, Novemba katimuliwa. Ukitazama klabu za Ligue 1 tu utasema huyu hajui mpira. Ila mpe timu ya taifa, Zambia, Ivory Coast, Morocco aliowapeleka Kombe la Dunia 2018 baada ya kulikosa tangu 1998, unaona mtu mwingine kabisa.

Maoni yangu ni kwamba klabu inataka mtu wa kila siku, miezi kumi, wachezaji wanakuchoka sauti. Timu ya taifa inataka mtu wa kukusanya watu kwa siku chache na kuwawasha moto. Renard ni wa moto. Sasa we jijue ni wa aina gani kabla hujasaini, usije ukaenda unakolipwa zaidi ukakuta hapakufai.

Kabla ya kukubali kazi uliza haya. Wachezaji wamekaa pamoja muda gani? Zambia ya 2012 wengi walikuwa wanajuana tangu timu za vijana, na Renard mwenyewe alikuwa kipindi cha pili pale, kipindi cha kwanza alishawafikisha robo fainali 2010 wakatolewa na Nigeria kwa matuta. Bosi wako ni nani na anaujua mpira? Rais wa shirikisho la Zambia alikuwa Kalusha Bwalya, mchezaji wao wa zamani, huhitaji kumweleza kwa nini unafanya mazoezi ya kukaba. Na watu wanategemea nini? Sagnol, yule wa Bayern, Februari 2021 alichukua Georgia, nchi ambayo haikuwahi kucheza mashindano makubwa yoyote. Wenzake wangeona ni kushuka. Machi 2024 akawatoa Ugiriki kwa penati akafuzu Euro, na Juni 26 akawapiga Ureno 2-0 pale Gelsenkirchen akaingia 16 bora. Bordeaux na jina lake lote hakupata hata robo ya raha ile.

Siku chache kambini: somo la Argentina

Novemba 22, 2022, Kombe la Dunia, Saudi Arabia ya Renard 2, Argentina 1. Argentina walikuwa hawajafungwa mechi 36. Kama wewe ni beki unayetaka kufundisha, hii mechi itafute uangalie kipindi cha kwanza pekee, achana na magoli.

Renard aliweka mstari wa mabeki juu sana, karibu na nusu ya uwanja, dhidi ya Messi na Lautaro Martínez. Watu wakaona kachanganyikiwa. Messi kafunga penati dakika ya 10, baada ya hapo Argentina wakatia mpira wavuni mara tatu na zote zikakataliwa kwa kuotea. Mechi nzima walikamatwa wameotea mara 10, saba kati ya hizo kipindi cha kwanza. Hiyo haikuwa bahati, ni lile zoezi la mabeki wanne niliyokuambia, limefanywa na watu ambao wengi wao wanacheza ligi moja na wanaonana kila wiki.

Lakini angalia vizuri, mstari ulipanda kwa sababu mbele yake uwanja ulikuwa umebanwa, toka beki wa mwisho hadi straika ni mita chache tu, mpiga pasi wa Argentina anapata mpira kashaguswa. Ukiiga mstari bila kuiga ubanaji unajiua. Na hata wao kipindi cha kwanza walikuwa waoga wa kumgusa mtu, wanasogea vizuri ila hawakabi, wanamwangalia Messi. Ile video ya mapumziko wengi mmeiona, Renard anawafokea, anawaambia kama wanataka wachukue simu wakapige naye picha. Wakarudi, dakika ya 48 Al-Shehri, dakika ya 53 Al-Dawsari, kwisha.

Na usisahau mwisho wake, wakapigwa na Poland 2-0, na Mexico 2-1, wakatoka kwenye kundi. Mpinzani wa pili alishaona kanda. Kwa hiyo ukiwa na mtego mmoja tu uwe na mpango wa mechi inayofuata, maana wataanza kutuma wakimbiaji kutoka nyuma, kiungo anayeanzia mbali haotei kirahisi na mabeki waliozoea kumpima straika hawamwoni.

Penati, orodha iwe na majina 11

Hii ni fupi ila ichukue. Fainali zote mbili za Renard ziliisha 0-0. Zambia walishinda matuta 8-7 pale Libreville mbele ya Ivory Coast, na 2015 Ivory Coast wenyewe wakashinda 9-8 pale Bata mbele ya Ghana. Ya kwanza kipa Kennedy Mweene alipiga na kufunga, halafu akamdakia Kolo Touré, mwishoni Gervinho akapaisha na beki Stoppila Sunzu akamaliza. Ya pili ilifika mpaka makipa wenyewe, Boubacar Barry akamdakia kipa mwenzie kisha akafunga ya ubingwa. Makocha wengi wanaandika majina matano, wanapofika la sita wanaanza kuzunguka wakiuliza nani yuko tayari. Andika yote 11, kipa akiwemo, na kila mmoja ajue namba yake tangu hotelini.

Kuongea na wachezaji

Zambia 2012 walipofika Libreville waliweka maua ufukweni, karibu na ilikoanguka ndege ya timu yao Aprili 1993. Watu wanakuja kuiga, wanatafuta kila msiba wa nchi waupeleke kambini kama dawa. Acha. Pale ilifanya kazi kwa sababu ilikuwa kweli, Bwalya mwenyewe alikuwa nahodha wa kikosi kile na hakuwemo kwenye ndege. Kama hakuna kitu cha kweli cha kusema, sema mpango wa mechi ukae kimya.

Kinachoigika ni vitu vidogo. Kwenye mashindano hayohayo mchezaji mmoja alirudishwa nyumbani kwa kuvunja muda wa kurudi kambini, mashindano yanaendelea, bila kungoja. Na fainali ilipoisha, Renard alimbeba mikononi beki wake Joseph Musonda aliyeumia mapema kwenye mechi ile na asingeweza kutembea kwenda kushangilia na wenzake. Mkali kwa anayevunja sheria, na aliyeumia hasahauliki. Wachezaji wanaangalia hayo mawili kuliko hotuba zote.

Mkataba na mlango wa kutokea

Utatimuliwa. Diacre katimuliwa Machi 2023 baada ya wachezaji wakubwa kugoma kuchezea timu ya taifa ya wanawake ya Ufaransa chini yake, na aliyeletwa kupoza ni Renard, aliyeiacha Saudi Arabia kwa ajili hiyo. Naye hakufika mbali, robo fainali ya Kombe la Dunia 2023 katolewa na Australia kwa penati, robo fainali ya Olimpiki 2024 katolewa na Brazil 1-0, akaondoka, na Oktoba hiyohiyo akarudi Saudi Arabia. Angeondoka mara ya kwanza kwa matusi asingerudi, kama ambavyo Zambia nao walimrudisha 2011.

Kwa hiyo kwenye mkataba andikisha mambo matatu, nani anachagua wasaidizi wako, unalipwa nini ukiondolewa kabla ya muda, na nani ana haki ya kukuazima. La tatu usilicheke. Januari 2024 Ivory Coast walimtimua Jean-Louis Gasset katikati ya Afcon yao wenyewe na wakaomba waazimwe Renard kwa wiki chache tu, shirikisho la Ufaransa likakataa. Timu akaachiwa msaidizi, Emerse Faé, na Februari 11 akabeba kombe. Kama wewe ndo msaidizi kwenye benchi la namna hiyo, hakikisha mkataba wako unasema unalipwa kiasi gani siku ukipandishwa ghafla, maana usiku ule hakuna atakayekuwa na muda wa kukaa mezani na wewe.